Mizani ya Mnunuzi: Nani Anahesabu Mibofyo ya Vijana Wetu?

Katika soko lolote, swali la kwanza la haki ni la mizani. Ni ya nani? Imekaguliwa na nani? Na je, muuzaji anaruhusiwa kuutazama mshale wake unapotulia? Suala la bei huja baadaye. Mkulima anayelipwa bei nzuri kwa uzito wa uongo ameibiwa kwa heshima. Mkulima anayelipwa bei ndogo kwa uzito wa kweli walau anajua anachogombania. Nayaandika haya kwa sababu lipo soko jipya ambalo vijana wetu wengi wameingia wakiwa na simu mkononi na matumaini kifuani, na katika soko hilo mizani imewekwa chumba cha ndani. Muuzaji huletewa karatasi tu.

Nazungumzia udalali wa mtandaoni, ambao vijana wenyewe huuita afilieti. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Kampuni yenye duka mtandaoni humpa kijana kiungo chenye namba yake ya utambulisho. Kijana hukisambaza katika makundi ya WhatsApp, katika ukurasa wake wa Facebook au chini ya video zake. Mtu akikibofya, kivinjari cha simu yake huwekewa kidakuzi, yaani faili dogo la kumbukumbu linalosema kwamba mteja huyu ameletwa na fulani. Mteja akinunua ndani ya muda uliowekwa, fulani huandikiwa kamisheni. Amazon walianzisha mpango wao wa namna hii mwaka 1996, na tangu hapo mtindo umeenea duniani kote, ukafika hadi kwa maduka ya mtandaoni ya Kenya na Nigeria, na hadi kwa wanafunzi wangu.

Wanafunzi hao huniletea ripoti zao. Mimi ni mwalimu wa uchumi wa siasa, si mtaalamu wa kompyuta, lakini wananijia kwa sababu wanasumbuliwa na jambo ambalo kwa hakika ni la uchumi wa siasa: wamefanya kazi, wamepewa hesabu, na hesabu hiyo hawawezi kuihoji. Mmoja alinionyesha dashibodi yenye kamisheni ya kutosha kulipa pango la miezi miwili. Wiki tatu baadaye safu ile ile ilionyesha theluthi moja ya kiasi kile, na maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa neno moja: imebatilishwa. Na nani? Kwa sababu gani? Oda ipi? Ripoti haikusema, na barua pepe aliyoandika ilijibiwa na mashine.

Hoja yangu ni hii. Ripoti ya trafiki na kamisheni ni hati ya upande mmoja. Anayeiandika ndiye anayepaswa kulipa. Kwa hiyo kila tarakimu iliyomo isomwe kama dai la mdaiwa kuhusu deni lake mwenyewe, na dola inayowahimiza vijana wajiajiri mtandaoni inao wajibu wa kuuliza mizani hiyo inakaguliwa na nani. Nitaanza na kuisoma ripoti yenyewe, kwa sababu asiyejua kusoma mizani hawezi kulalamika kwamba amepunjwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwisho wa mwezi, ripoti ya kijana inasema: mibofyo 1,200, wageni wa kipekee 840, oda 21, thamani ya mauzo Sh 1,470,000, kamisheni ya asilimia 5, yaani Sh 73,500. Kijana anaona Sh 73,500 na anaanza kuzigawa kichwani. Asubiri kwanza, azipitie safu moja moja.

Mibofyo 1,200 si watu 1,200. Mtu mmoja akibofya mara tatu, huenda akahesabiwa mara tatu katika safu ya mibofyo na mara moja katika safu ya wageni wa kipekee. Tena si kila mbofyo ni wa binadamu. Unapobandika kiungo WhatsApp au Facebook, mfumo hukitembelea wenyewe ili utengeneze ile picha na kichwa kinachotokea chini ya ujumbe. Kihesabio cha kijana chaweza kuziandika ziara hizo. Kihesabio cha kampuni huzichuja. Ndiyo maana kijana anayejihesabia mwenyewe mara nyingi hupata namba kubwa kuliko ya kampuni, na tofauti hiyo peke yake si ushahidi wa wizi.

Oda 21 nazo zaweza kugawanywa kwa njia mbili. Ukizigawa kwa mibofyo 1,200, kiwango cha mauzo ni asilimia 1.75. Ukizigawa kwa wageni 840, ni asilimia 2.5. Kampuni inayotaka kuvutia mawakala wapya itatangaza hiyo ya pili. Zote mbili ni kweli, na hapo ndipo ujanja wa takwimu unapoanzia: mtu huchagua kigawanyo kabla hujauliza. Vivyo hivyo kwa kile kipimo kinachoitwa mapato kwa mbofyo. CJ, mtandao mkongwe wa Marekani unaounganisha maduka na mawakala, hukikokotoa kwa kila mibofyo 100, ilhali wengine hukikokotoa kwa mbofyo mmoja. Kijana asiyejua tofauti hiyo hulinganisha mipango miwili na kudhani mmoja unalipa mara mia zaidi ya mwingine.

Kisha kuna hali tatu za kamisheni: inayosubiri, iliyoidhinishwa na iliyobatilishwa. Kamisheni inayosubiri ni ahadi tu. Bidhaa haijafika, mteja anaweza kuirudisha, oda inaweza kufutwa. Katika nchi zetu, ambako wateja wengi hulipa wanapopokea mzigo, mteja akimwambia mleta mzigo mlangoni kwamba amebadili mawazo, kamisheni ya kijana imekufa hapo hapo mlangoni. Tuseme katika zile oda 21, oda 6 zenye thamani ya Sh 420,000 zimefutwa. Kamisheni yake, Sh 21,000, inaondoka. Zinabaki Sh 52,500. Kiwango cha mauzo kwa mibofyo kimeshuka kutoka asilimia 1.75 hadi 1.25, yaani nusu ya ile asilimia 2.5 iliyotangazwa. Na hata hizo Sh 52,500 hazilipwi leo. Amazon, kwa mfano, hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi kwisha, na mipango mingi huweka kiwango cha chini ambacho usipokifikia fedha zako hukaa kwao. Kijana aliyetumia vifurushi vya intaneti vya mwezi mzima amemkopesha mwenye duka kazi yake bila riba.

Lipo na jambo dogo la saa, ambalo nimeona likizua ugomvi wa bure. Ripoti inayofuata saa za California iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11, kutegemea majira. Mauzo ya Jumatatu asubuhi Dar es Salaam huandikwa huko kuwa ya Jumapili. Anayelinganisha siku kwa siku ataona pengo lisilokuwapo. Alinganishe kwa mwezi.

Hadi hapa sijamtuhumu mtu. Haya ni mambo ambayo mwanafunzi makini anaweza kujifunza kwa jioni moja, na wanaouza kozi za utajiri wa mtandaoni hawayafundishi kwa sababu mteja anayejua hesabu hanunui kozi. Tatizo kubwa liko mahali ambapo ripoti haina safu kabisa, yaani katika kazi iliyofanyika lakini haikuhesabiwa.

Fikirini jinsi ununuzi unavyofanyika kwetu. Mama anaona kiungo katika simu yake. Anakibofya, anaipenda bidhaa, kisha anampigia mpwa wake mwenye kadi ya benki au mwenye simu nzuri zaidi amnunulie. Mpwa anaingia dukani moja kwa moja. Mauzo yamefanyika kwa sababu ya yule kijana aliyesambaza kiungo, lakini kidakuzi kimebaki katika simu ya mama. Au mama amefungua kiungo ndani ya Facebook, ambako hufunguka katika kivinjari cha humo humo, kisha akaenda kununua katika programu ya duka. Kidakuzi cha kwanza na mahali pa pili huenda wasifahamiane kamwe. Au amesubiri mshahara. Kidakuzi cha Amazon humpa wakala saa 24 tu za mteja kuweka bidhaa kapuni. Mipango mingine huahidi siku 30, lakini tangu mwaka 2017 Apple wamekuwa wakiibana Safari hatua kwa hatua, hata baadhi ya vidakuzi vinafutwa baada ya siku 7, vingine baada ya siku moja. Sababu yao, faragha ya mtumiaji, ni njema. Ila aliyelipia wema huo ni wakala, na ripoti yake haikumwambia chochote. Iliandika sifuri, na sifuri haina maelezo.

Mfumo mzima umejengwa juu ya jamii inayodhaniwa kuwa ya mtu mmoja, simu moja, kadi moja na uamuzi wa papo hapo. Sisi tunanunua kwa ushauri, kwa kuagizana na kwa kusubiri tarehe ya mwisho wa mwezi. Udalali wetu wa jadi unalijua hilo. Dalali wa nyumba Kariakoo aliyemwonyesha mpangaji chumba leo anadai chake hata mpangaji akirudi wiki ijayo na mjomba wake, na majirani watamtetea. Dalali wa mtandaoni hana jirani.

Sheria kuu ya ugawaji katika soko hili ni ile ya mbofyo wa mwisho: anayelipwa ni yule ambaye kiungo chake kiliguswa mwisho kabla ya malipo. Aliyemweleza mteja bidhaa kwa dakika ishirini hapati kitu ikiwa mwingine alijitokeza sekunde ya mwisho. Desemba 2024 video moja iliyotolewa na mchunguzi wa YouTube anayejiita MegaLag ilidai kwamba Honey, programu ya kutafuta kuponi za punguzo ambayo PayPal waliinunua kwa takriban dola bilioni 4, ilikuwa ikifanya hivyo hasa: mteja akifika mahali pa kulipa, programu hujitokeza, na alama ya wakala aliyemleta hubadilishwa na ya Honey. Watayarishaji wa maudhui wakafungua mashauri mahakamani Marekani. PayPal walikanusha kutenda kosa, na utetezi wao ndio unaonipendeza kwa ukweli wake: walisema Honey inafuata kanuni za sekta, ikiwemo ya mbofyo wa mwisho. Naam. Tukiamini kila neno la utetezi huo, tunabaki na kanuni inayoruhusu mtu kukaa mlangoni pa sokoni na kuandikiwa mzigo uliobebwa na mwingine. Miongoni mwa walioidhinisha programu hiyo katika video zao walikuwa mawakala wenyewe, kwa miaka, kwa kuwa ripoti zao hazikuwa na safu ya kuonyesha mteja uliyemleta na ukanyang'anywa.

Kanuni nazo zinabadilishwa na upande mmoja. Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa hofu ya korona na watu wakinunua mtandaoni kuliko wakati wowote, Amazon walitoa taarifa ya siku chache kwamba kamisheni ya samani na vifaa vya nyumbani inashuka kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Aliyejenga riziki yake juu ya asilimia 8 aliamka amepoteza zaidi ya nusu yake huku kazi ikiwa ile ile. Hakuna mkataba uliovunjwa. Mkataba wenyewe ndio ulioruhusu. Na humo humo mtaona kichekesho kingine: mlangoni umeandikwa mshirika, lakini ndani ya masharti inatamkwa wazi kwamba hakuna ushirika, hakuna uwakala, hakuna ajira. Mna majina matatu ya heshima na hamna haki ya hata moja.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mawakala nao ni wezi. Ni kweli kwamba wapo wezi. Shawn Hogan, aliyekuwa wakala mkubwa wa eBay, alijipatia takriban dola milioni 28 kutoka katika mpango wao, na mashtaka yalieleza kwamba aliweka vidakuzi kwa siri katika kompyuta za watu ambao hawakubofya kiungo chochote. Alikiri kosa la ulaghai, na mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano. Wapo na kwetu vijana wanaobofya viungo vyao wenyewe na wanaonunua mibofyo ya roboti, na sina huruma nao, kwani wanaharibu jina la wenzao. Kampuni ina haki ya kuchuja. Lakini itazameni vizuri kesi hiyo. Kampuni ilipoona imeibiwa ilikwenda mahakamani, wapelelezi wa FBI wakaingia kazini, ushahidi ukakusanywa, mshtakiwa akasikilizwa. Kijana wa Mbeya anapodhani ameibiwa anayo anwani ya barua pepe. Upande mmoja una dola nzima nyuma yake. Mwingine unajibiwa na mashine kwamba uamuzi ni wa mwisho.

Nitajibiwa pia, na hili hutoka kwa wenzangu wasomi, kwamba soko litajisahihisha: mpango mbaya utakimbiwa na mawakala. Utakimbiwaje na watu wasioweza kujua kwamba ni mbaya? Ushindani hufanya kazi pale mnunuzi na muuzaji wanapoweza kulinganisha. Hapa kila kampuni huchagua kigawanyo chake, muda wake wa kidakuzi na maana yake ya neno mauzo. Kuwaambia vijana walinganishe katika hali hiyo ni kuwaambia walinganishe magunia bila kujua kilo.

Watatu ni wahubiri wa mafanikio. Wao husema kijana aliyeshindwa ni mvivu, hakuweka bidii, hakununua kozi ya pili. Hawa nawajibu kwa ufupi: bidii haisahihishi mizani. Bidii juu ya mizani mbovu humwongezea anayepunja.

Serikali zetu, kwa upande wao, zimeliona soko hili mapema, ila zimeliona kwa jicho la mkusanya kodi. Kenya, katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkaazi anayelipwa kutokana na maudhui ya kidijitali, na tafsiri ya sheria hiyo inautaja waziwazi udalali huu wa viungo na kamisheni. Tanzania ilifuata mwaka 2024 kwa zuio la asilimia 5 kwa malipo ya watayarishaji wa maudhui mtandaoni. Sipingi kodi. Anayepata achangie. Lakini dola inayokata asilimia 5 ya kiasi fulani imekiri kwamba kiasi hicho kipo na kina maana ya kisheria. Basi na iulize kilivyopatikana. Haiwezekani tarakimu iwe ya kuaminika kiasi cha kutozwa kodi, kisha iwe siri ya biashara pale kijana anapoomba kuikagua.

Na tusisingizie kwamba wazo la kukagua ni geni. Tunayo Sheria ya Vipimo na tunao Wakala wa Vipimo, wanaozunguka sokoni kukagua mizani, pampu za mafuta na ujazo wa magunia. Vita dhidi ya lumbesa msingi wake ni huu: mkulima asiachwe peke yake mbele ya mnunuzi anayeamua gunia ni nini. Kihesabio cha mibofyo kina tofauti gani na pampu ya mafuta? Vyote viwili huhesabu kitu ambacho mteja hawezi kukiona kwa macho, na malipo hufuata hesabu hiyo. Kimoja tunakibandika stika ya ukaguzi, kingine tunakipigia makofi katika makongamano ya uchumi wa kidijitali.

Sheria yetu ya Mikataba, katika sehemu yake ya uwakala, humlazimu wakala kutoa hesabu kwa aliyemtuma. Ni haki. Ulaya wameongeza upande wa pili: Maagizo ya mwaka 1986 kuhusu mawakala wa biashara yanampa wakala haki ya kudai taarifa zote, hata dondoo za vitabu vya hesabu, anazozihitaji ili kuhakiki kamisheni yake, na haki hiyo haiwezi kufutwa kwa mkataba kwa hasara yake. Maagizo hayo yaliandikwa kwa ajili ya mawakala wanaozunguka na sampuli mkobani, kabla ya intaneti ya leo, na dalali wa viungo kwa kawaida hakidhi masharti yake. Hata hivyo kanuni iliyomo ni nyepesi na ya haki: anayelipwa kwa asilimia ana haki ya kuona kizima ambacho asilimia hiyo imekatwa.

Historia yetu wenyewe inalifundisha hilo vizuri zaidi. Katika Usukuma ya miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba walikuwa wakilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Malalamiko yalikuwa ya miaka mingi na hayakuwa yamebadili kitu. Kilichobadili mambo ni kwamba walianza kuweka watu wao, wanaojua kusoma na kuandika, wapime pamba kwa mizani ya wakulima kabla haijafika kwa mnunuzi. Mkulima akaenda kuuza akiwa na namba yake. Kutoka katika vikundi hivyo vya wapimaji kulikua vyama, na chini ya uongozi wa Paul Bomani vikaungana na kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, mmoja wa miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika. Ushirika ule ulianza na namba ya pili. Nayasema haya bila kuupamba: baada ya uhuru vyama hivyo hivyo vililaumiwa kwa kuwapunja wanachama, hata Rais akaunda tume ya uchunguzi mwaka 1966. Funzo linabaki pale pale. Mizani ikikabidhiwa mtu mmoja bila wa kumkagua, awe mgeni au ndugu, itaegemea upande wake.

Kwa hiyo nina mambo ya kuwaambia vijana, na nina mambo ya kuwaambia wenye mamlaka.

Kwenu vijana: wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wekeni daftari lenu. Kila kiungo kiwe na alama yake, ili ujue kilichotoka WhatsApp na kilichotoka kwenye video. Mipango mingi inaruhusu hilo. Piga picha ya dashibodi kila Jumapili, kwa kuwa safu za kampuni hubadilika na zako hazitabadilika. Mwombe rafiki anunue kitu kidogo kupitia kiungo chako, pale masharti yanaporuhusu, uone kama oda hiyo inatokea. Usihesabu kamisheni inayosubiri kuwa ni mapato. Gawanya fedha iliyofika mfukoni kwa mibofyo yote, toa gharama za intaneti, kisha jiulize kama kazi hii inakulipa. Ukiona haikulipi, kuiacha ni uamuzi wa kiuchumi na haina aibu yoyote. Na muhimu kuliko yote, linganisheni madaftari yenu. Mtu mmoja mwenye oda 6 zilizobatilishwa ni mlalamikaji. Watu 200 wenye oda zilizobatilishwa wiki moja, na duka moja, wana ushahidi.

Kwenu wenye mamlaka, katika wizara, katika Tume ya Ushindani na katika mamlaka ya mapato, nadai mambo manne. Kampuni yoyote inayolipa kamisheni kwa mkaazi wa nchi hii itoe ripoti ya oda moja moja, kwa namba isiyofichua jina la mteja, ili faragha ya mnunuzi isiwe kisingizio cha kumnyima wakala hesabu yake. Kila ubatilisho uwe na sababu iliyoandikwa na muda wa kukata rufaa mbele ya binadamu. Mabadiliko ya viwango yatangazwe mapema na yasiguse kazi iliyokwisha kufanyika. Na kihesabio kikaguliwe na mtu wa tatu, kama pampu inavyokaguliwa. Nitaambiwa kwamba kampuni kubwa ziko ng'ambo na hazitatusikiliza. Zilitusikiliza tulipotaka kodi ya huduma za kidijitali, zilijisajili zikalipa. Na zipo kampuni za humu humu, za michezo ya kubahatisha, za mikopo na za bidhaa, zinazotumia mtindo huu huu wa viungo na kamisheni. Hizo haziko ng'ambo. Tuanze nazo.

Tukishindwa hata kuzidai hesabu kampuni ambazo ofisi zake tunazipita kila siku, basi tuache kuwahubiria vijana kuhusu kujiajiri mtandaoni. Tuwaambie kweli: kwamba tumewapeleka sokoni na mzigo kichwani, tukawaambia wasiulize kilo, na tukasimama langoni kudai ushuru.